Tairi Lililochomoka Njia ya Msimbu

Wapendwa, niacheni nisimame hapa hapa kwenye benchi langu. Mchungaji ameniita nije mbele na ninamshukuru, lakini mara ya mwisho nilisimama pale mbele na kwaya, na tangu siku ile sijapata hamu ya kusimama pale tena. Kipaza sauti nacho kiacheni. Mimi nimezoea kuongea huku kompresa ya upepo inanguruma, sauti yangu wote mnaijua.

Nimeombwa niseme jinsi Mungu alivyonivusha. Alinivusha. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akatoka katikati akaenda kusema sina shukrani. Ila mimi si mtu wa maneno ya asali. Yaliyonipata yana uchungu, na nitayaeleza na uchungu wake. Majina sitataja hata moja. Wengine wao tumepeana mikono asubuhi hii pale mlangoni.

Kwa wageni wasionijua, mimi ni fundi wa matairi. Kibanda changu kipo hapa hapa Mkuza, Kibaha, ukitokea kanisani unakiona upande wa kushoto kabla ya mashine ya kusaga. Kazi nimejifunzia Dar kwa fundi aliyekuwa hataki kabisa mwanamke kibandani kwake, mpaka siku aliponiona nabandua tairi la Fuso peke yangu. Akaniambia, "Haya, kesho njoo na ovaroli." Mnacheka? Chekeni, hii sehemu ndiyo ya kuchekea, mbele huko hakuna.

Sasa, kuna kijana wa usharika huu huu ambaye alinunua gari la michezo. Mlikuwa mnaliona. Milango miwili, jeupe, liko chini chini kama linatafuta shilingi iliyodondoka. Alilipenda gari lile kuliko usingizi. Akaniletea rimu pana alizoagiza, pamoja na spesa. Wengi hamjui spesa ni nini. Ni sahani nene ya alumini. Unaifunga kwanza kwenye habu, yaani pale tairi linapokaa, halafu rimu inafungwa juu yake. Inasukuma tairi litokeze nje, gari lionekane limekaa kwa mbwembwe.

Nilimwambia, "Mdogo wangu, hii kitu si mapambo tu. Ikifungwa ovyo inaua."

Akasema, "Ndiyo maana nimekuja kwako, dada. Wewe huna haraka."

Kweli sina haraka. Niliikwangua kila habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa. Ndugu zangu, nawaambia jambo moja la ufundi, na naomba mlishike maana kila kitu kinatoka hapo. Spesa inakaa chuma kwa chuma. Pasiwe na kutu katikati, pasiwe na tope, pasiwe na rangi. Ukiacha rangi pale katikati, hata ukikaza mpaka mishipa ya shingo ikutoke, breki zikipata moto na barabara ikitikisa, ile rangi inasagika inakuwa unga, na nati zinabaki hazibani kitu. Nilimweleza kijana yule hayo yote akiwa amechuchumaa pembeni yangu. Nikafunga kwa ile spana inayopima nguvu, ikifika kipimo inalia ka! Nikamwambia atembee nalo siku chache kisha arudi nikaze upya. Akarudi. Nikakaza upya, na nati zote zilikuwa pale pale nilipoziacha.

Basi ikaja harusi. Hamna haja ya kuelezwa ni harusi ipi, nusu yenu mlikuwa kwenye kamati. Bwana harusi wetu, bibi harusi anatoka Kisarawe, kule Msimbu. Kamati ikaazima lile gari jeupe liende kumchukua bibi harusi kwao limlete kanisani hapa. Rangi za siku zilikuwa zambarau na dhahabu. Sisi kwaya tulishonewa vitenge vya zambarau, vilemba vya dhahabu, na mimi nilipendeza, acheni nijisifie kidogo.

Jumamosi hiyo tulikaa hapa kanisani tukingoja. Tukaimba nyimbo zote tulizofanyia mazoezi, tukarudia. Matarumbeta yalipoanza kusikika barabarani watu wakatoka kwa vigelegele. Magari yakaingia uwanjani, bibi harusi akashuka kwenye gari jingine kabisa, Noa ya mtu. Nikaangaza macho, gari jeupe silioni.

Mwenzangu wa sauti ya pili akaninong'oneza, "Tairi lako limechomoka."

Tairi lako! Hakusema tairi la gari, wala tairi la yule kijana. Nikamuuliza, "Limempiga mtu?"

"Kuna mama mmoja kule njiani. Ila wameshughulikia."

Nikaingia na wenzangu nikaimba. Niliimba huku nikijiambia kwamba wameshughulikia. Baadaye sana ndipo nilipojua walivyoshughulikia. Walikuwa wanakwenda kumchukua bibi harusi, wako kwenye mteremko wa vumbi, tairi la nyuma likachomoka na spesa yake, likaruka, likaviringika likampata mama aliyekaa kando ya barabara na mafungu yake ya muhogo. Likamvunja mguu chini ya goti. Wapendwa wetu wa harusi wakashuka, wakashika vichwa, wakatazama saa. Wakahamia magari mengine wakaendelea, kwa sababu bibi harusi anangoja na mchungaji anangoja. Mama yule alipelekwa hospitali na jirani yake kwa bajaji, bintiye amemshikia mguu mapajani njia nzima. Sisi huku tulikuwa tunapiga vigelegele.

Jioni ukumbini nilikwenda, maana nilishavaa sare na sikujua ukubwa wa jambo. Nimeshika sahani ya pilau, nikasikia mshereheshaji anasema kwenye kipaza sauti, "Na yule fundi wetu wa kike aliyetaka tukose bibi harusi leo yupo? Dada, wanaume wapo, tuachie spana sisi!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nawaambia, hata mchungaji alitabasamu. Nisamehe Mchungaji, nilikuwa nakutazama.

Jumatatu askari walinifuata kibandani. Mwenye gari ameandikisha kwamba matairi yalifungwa na mimi, na hakuna mtu mwingine aliyeyagusa. Nikakaa mahabusu mpaka kaka yangu alipokuja kunidhamini. Niliporudi mtaani habari zilishafika kila genge. Wengine walisema nati nimeziacha wazi, wengine wakasema nilikuwa nachezea simu. Aliyeniumiza zaidi ni yule aliyesema, tena mwanamke mwenzangu, kwamba kazi ya kiume ukimpa mwanamke ndiyo haya.

Nikaomba picha za siku ile nizione kwenye simu za watu. Nikaona rimu zimepakwa rangi ya dhahabu. Mimi nilizifunga zikiwa na rangi ya fedha. Nikamwendea kijana, nikamkuta na mwenzetu mmoja wa kamati, mtu mzima, mtu anayeheshimika humu ndani.

Nikauliza, "Rimu mlizipaka rangi wapi?"

Kijana akaangalia chini. Mwenzetu akajibu yeye. "Tulipuliza kwa juu tu, dada. Tulizungushia magazeti kwenye matairi tukapuliza. Nati hata moja hatukugusa."

"Na spesa?"

"Spesa tutaijuaje sisi? Wewe ndiye fundi. Dada yangu, kubali tu ni ajali, Mungu ndiye anayejua."

Nilikwenda kutazama gari. Nikakuta limeshavuliwa zile rimu na spesa zote tatu zilizobaki, limevalishwa matairi yake ya zamani. Nikauliza viko wapi, nikaambiwa vimetupwa, ni vitu vya hatari. Na lile tairi lililochomoka, kwenye maelezo ya polisi wenye harusi walisema limepotelea porini. Kwa hiyo nikabaki na mdomo wangu tu, mdomo wa mshitakiwa.

Kwa wale waliosema nilijitenga, nataka mjue nilivyokuwa. Nilianza kuamka na hasira kabla sijakumbuka nina hasira ya nini. Wateja walikata. Nilikuwa nafungua kibanda asubuhi, nafagia, nakaa juu ya tairi bovu, nafunga jioni. Kwaya iliniambia nipumzike kidogo mpaka mambo yatulie. Walituma mtu mwenye sauti nzuri anipe ujumbe huo, na akaniombea hapo hapo mlangoni. Kompresa niliiuza. Nikaacha kuja ibadani. Na siku moja mwanangu wa kike alirudi kutoka shule, hakutaka kula, akaniuliza kama ni kweli mimi niliua mtu kwa tairi. Nikamwambia hapana, mama yule yuko hai. Akaniuliza, "Ulimwona?"

Sikuwa nimemwona. Hakuna mtu wa Kibaha aliyekuwa amemwona.

Nikamwambia kaka yangu kwamba nataka kwenda Msimbu kumpa yule mama pole. Kaka yangu ni mtu mwema lakini siku hiyo aligonga meza. "Umechanganyikiwa? Ukienda kule na mchele wako na sukari yako, umekiri! Kesho watasema mwenyewe alikuja kuomba msamaha. Kaa kimya mpaka kesi iishe."

Nikamuuliza mtu mwingine anayejua mambo ya sheria, akasema vile vile. Usiende. Ndugu zangu, tumefika mahali pa ajabu. Sisi ambao mtu akifiwa mtaani tunaacha kazi tukakae naye kwenye mkeka, sisi ambao mtu akijikwaa tu mbele yetu tunasema pole ingawa jiwe hatukuliweka sisi, tumejifunza kwamba kumpa pole aliyevunjwa mguu ni kujitia hatiani. Na harusi nzima ilikuwa imejifunza hivyo. Kumbe ndiyo sababu hakuna aliyekwenda. Kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza.

Nikajiambia, kwani nimebakiza nini? Kibanda kimekufa, kwaya wamenipumzisha, mwanangu ananiogopa. Nikanunua mchele na sukari, nikafunga kanga, nikaenda.

Msimbu niliuliza nyumba ya mama aliyegongwa na tairi la harusi. Kila mtu alijua, na kila mtu alinitazama vibaya. Nikafika kwenye nyumba ya bati, ua umefagiliwa, mama amekaa kwenye mkeka na mguu ameunyoosha, una plasta. Bintiye alikuwa anachambua mboga.

"Hodi."

"Karibu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wa wapi wewe?"

Nikasema, "Natoka Kibaha, mama. Mimi ndiye niliyefunga tairi lile."

Binti akasimama, mboga zikamwagika. "Toka! Mnathubutu kuja sasa hivi? Mama analala kwa vidonge, nyie mnakuja na kimfuko! Toka kabla sijaita watu!"

Sikutoka. Mama akainua mkono, akasema taratibu, "Mwache. Wa kwanza huyu."

Nilikaa chini pale pale kwenye mchanga nikalia, na nilikuwa sijalia tangu siku ya harusi. Nikamwambia, "Pole mama. Sijui kosa ni langu au si langu, maana sijaliona tairi. Lakini mkono wangu uliligusa, na wewe umeumia. Pole sana."

Mama akanisogezea pembe ya mkeka nikae. Kisha akasema, "Nilikuwa sitaki kitu chao. Nilikuwa nangoja tu mtu aingie mlangoni aseme hilo neno. Nikajua ni watu wa kanisa, watakuja. Kila nikisikia gari nauliza, ni wao? Naambiwa wamepita." Akamgeukia bintiye. "Mletee mgeni chai. Halafu mwonyeshe."

Nikauliza kunionyesha nini. Binti bado amenuna, akanipeleka nyuma ya nyumba. Na pale, chini ya ndoo ya maji ya kunawia, lilikuwepo tairi. Tairi lenyewe! Siku ya ajali vijana wa pale walilitoa kichakani wakalileta kwa mama. Wazee wakasema lisitolewe kwa mtu yeyote mpaka wenyewe waje wakae waseme pole, ndipo walichukue. Ni utaratibu wao. Na ndiyo maana kwenye karatasi za polisi lilikuwa limepotea, kwa sababu hakuna aliyekuja nyumbani kwa mama kuliulizia, na wenye harusi hawakujua hata nyumba ilipo.

Nikatoa ndoo. Nikalipindua. Spesa ilikuwa bado imefungwa kwenye rimu yake, zimetoka pamoja. Nikatazama ule upande wa nyuma, upande unaolala kwenye habu, ule niliouegemeza kwa mikono hii kwenye chuma kitupu.

Dhahabu. Ilikuwa imepakwa dhahabu, imeganda kwa michirizi, na kuzunguka kila tundu la bolti imesagika ikawa unga.

Mnaelewa? Pale nyuma hapafikiki kwa kupuliza juu juu na magazeti. Pale nyuma huwezi kupaona mpaka uvue tairi na uvue spesa yenyewe. Walivua. Walivua vyote, wakapaka, wakarudisha, halafu wakanitazama machoni.

Na sasa niwaambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilifurahi. Mama yule yuko pale mbele na mguu wa plasta, nami huku nyuma ya nyumba nafurahi, nimeshika mdomo nisipige kelele. Niliporudi kwenye mkeka niliona aibu hata kunywa chai yake. Nikamweleza yote. Akasikiliza, akauliza tu, "Kwa hiyo walijua?"

Nikasema, "Walijua, mama."

Akatikisa kichwa. "Basi ndiyo maana hawakuja."

Nikamwomba lile tairi. Akasema, "Wewe umekuja, umekaa, umesema. Ni lako, chukua. Lakini waambie na wao waje." Bintiye, yule yule aliyetaka kunifukuza, alivaa baibui akaongozana na mimi na mwenyekiti wa kitongoji mpaka polisi Kisarawe, akaeleza lilikookotwa na lilikokaa.

Askari mkaguzi wa magari alilitazama kidogo tu akaelewa. Akamwita kijana mwenye gari. Kijana hakusumbua. Alilia, akasema Ijumaa jioni walivua matairi yote manne uani kwa mwenzetu wa kamati. Waliyapanga juu ya maboksi, wakapuliza rimu, wakapuliza na spesa mbele na nyuma, kwa sababu weupe wake ulikuwa unachungulia katikati ya njiti za rimu na kuharibu rangi ya siku. Wakarudisha rangi haijakauka vizuri, wakakaza kwa kukanyaga spana. Yeye alisema niitwe. Mwenzetu akasema yule dada anajidai sana na mambo yake ya vipimo, atatuchelewesha. Na baada ya ajali akamwambia kijana anyamaze, maana fundi yupo wa kubeba lawama.

Mashitaka yangu yakafutwa. Yao yakaenda yalikoenda, nasikia yalimalizwa kwa kuelewana, mimi sikuitwa. Kijana nimeshaongea naye, alikuja kibandani kwangu akapiga magoti kwenye grisi, basi. Lakini mwenzetu alinitumia mzee mmoja aniambie, "Dada, umeshasafishwa, mshukuru Mungu, tusichimbe tena tukaharibu ndoa changa ya watu."

Ndoa changa ililindwa. Ni sawa, nawapenda wale vijana, hawana kosa. Lakini nilipotiwa hatiani habari ilipitia kwenye kipaza sauti watu wakiwa na vinywaji mkononi. Niliposafishwa, kipaza sauti hakikuwashwa. Hakuna tangazo lililosomwa hapa. Wengine wenu leo ndiyo mnasikia kwa mara ya kwanza, nawaona nyuso zenu. Hata kwaya walinirudisha kwa ujumbe wa simu, "Mazoezi Alhamisi, karibu," kama vile nilikuwa nimesafiri.

Sikurudi kwaya. Nilirudi kazini. Kompresa sina, wateja wa Mkuza hawapo, nikachukua jeki na spana zangu nikapanda bodaboda mpaka Kwala, kule malori yanakosubiri kuingia bandari kavu. Dereva mmoja tairi lilikuwa limempasukia, akanitazama, akasema, "Mama, utaweza?" Nikamwambia, "Shuka nikuonyeshe." Kesho yake aliniletea mwenzake, na mwenzake akaleta wengine. Watu wale hawakujali habari za harusi, walijali nati zikazwe wafike Tunduma salama. Leo nina kibanda kule na hiki cha hapa nimekifungua tena. Kompresa nimenunua mpya. Mwanangu akitoka shule anakuja kukaa nami, na spana ikilia ka, naye anaitikia ka.

Nashukuru. Namshukuru kaka yangu, aliyegonga meza lakini ndiye aliyenitoa mahabusu. Namshukuru yule mkaguzi ambaye alitazama kitu kabla ya kutazama nani amekileta. Namshukuru dereva wa lori. Namshukuru dada mmoja wa humu, sitamtaja, aliyekuwa anakuja na chupa ya chai kukaa na mimi kwenye kibanda kisicho na mteja, wala haniulizi kitu. Na familia ile ya Msimbu, watu wa dini nyingine ambao hawakuwa wananijua. Mlango wao ndio uliofunguka wakati milango ninayoijua ilikuwa inafungwa.

Mchungaji aliniomba nimalizie kwa kusema nimesamehe. Mchungaji, nimejaribu kulisema hilo neno nyumbani mbele ya kioo, halitoki. Naomba mniombee. Siku likitoka nitasimama tena niwaambie, ila leo nisiwadanganye mbele ya madhabahu.

Funzo nililonalo ni dogo. Mtu akiumia na wewe ulikuwepo, au mkono wako ulipita, nenda. Usingoje kwanza ijulikane kosa la nani. Nenda ukakae, useme pole, unywe chai. Wangekwenda siku ile ile, hata kwa nusu saa, hata na sare zao, yule mama angewapa tairi lao mikononi, na mimi labda nisingepata wa kunisafisha mpaka leo. Hawakwenda. Na hata kama wangenizika mimi, kwake yeye ilikuwa lazima waende.

Plasta ilitolewa, lakini mfupa haukuunga vizuri. Anatembea kwa gongo, na muhogo wake sasa anauza bintiye. Naenda kumwona kila mwezi. Kila nikifika ananiuliza, "Umekuja na wao?" Namwambia, "Bado, mama." Anasema, "Haya," anaweka sufuria ya chai, na kila mara anapanga vikombe vingi kuliko sisi tuliopo.

Jumamosi hii naenda. Nina kigari changu siku hizi, kinabeba watu wanne vizuri. Naondoka kibandani saa mbili asubuhi. Atakayekuja nitamfungulia mlango, na njia nzima sitamuuliza kitu. Nitangoja mpaka saa mbili na nusu.